Mama kupata ruzuku si sababu ya kukata matumizi

Dada wa Mbagala, unauliza kama ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, itambwetesha mama yako kijijini, na kama uache kumtumia hela. Usiache, angalau kwa sasa. Majaribio ya TASAF yaliyoanza 2010 huko Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalionyesha kaya zikiongeza mifugo, hasa kuku na mbuzi, na kujiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya matibabu. Hao ni watu waliobweteka? Hadithi za pesa kuishia kilabuni tunazipenda sana sisi wa mjini. Ruzuku yenyewe ni ndogo. Wewe ukikata, ugonjwa wa kwanza tu atauza kuku wake. Ukibanwa, punguza, ila muulize kwanza ana mpango gani.