Mwaliko wa Sherehe ya Mtoto: Maswali ya Wazazi na Majibu

Kila likizo ya Juni na ya Desemba inapokaribia, wazazi wengi huniuliza kuhusu sherehe za kuzaliwa za watoto wao, kwa kuwa ndio wakati familia nyingi hupata nafasi ya kuziandaa. Maswali ya safari hii nimeyafupisha bila kubadili maana, na majina ya waulizaji nimeyahifadhi.

Binti yangu anatimiza miaka saba na anasoma darasani na wenzake 42. Uwezo wetu ni kualika watoto 12 tu. Je, ni vibaya nikimpa kadi 12 akazigawe darasani? (Mzazi, Tabata)

Kualika watoto 12 si kosa hata kidogo, kwa sababu nyumba ina ukubwa wake na mfuko una kina chake. Kosa liko katika kuzigawa kadi hizo mbele ya watoto wengine 30. Siku moja nilikwenda kumchukua mjukuu wangu shuleni, nikamkuta mvulana mmoja amekaa kwenye ngazi ya darasa, begi lake liko wazi miguuni. Alikuwa akitoa daftari moja baada ya jingine na kulikung'uta, kisha analirudisha. Nilipomuuliza anatafuta nini, alinijibu kwamba wenzake wamepewa kadi, na kwamba huenda yake imeteleza ndani ya daftari. Hakukuwa na kadi. Tangu siku ile, kila ninapoulizwa swali hili, jibu langu huwa moja: mwaliko wa mtoto mdogo upitie kwa mzazi wa mtoto anayealikwa, kwa simu au kwa ujumbe wa mtu mmoja mmoja, wala usibandikwe kwenye kundi la wazazi wa darasa wala kupelekwa darasani.

Angalieni pia uwiano. Ukialika 12 kati ya 42, umechagua marafiki wa karibu, na kila mtu mwenye busara ataelewa. Ukialika 38, umewatenga wanne, na hao wanne watajijua hata kama hakuna aliyewaambia. Ukifika kiasi hicho ni afadhali ualike darasa zima kwa kitu kidogo, au umwombe mwalimu ruhusa ya kupeleka keki au biskuti shuleni. Muulize mapema, maana shule nyingine haziruhusu vyakula kutoka nje.

Usimwagize binti yako afiche jambo hilo, kwa kuwa siri ya namna hiyo ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka saba. Mfundishe jibu la kweli lisilomuumiza mwenzake: "Nyumbani kwetu ni padogo, mama amesema tuwe wachache."

Nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi ya sherehe ya mwaka mmoja ya mtoto wa mfanyakazi mwenzangu. Kiwango ni shilingi 50,000 kwa kadi ya mtu mmoja na 80,000 kwa kadi ya watu wawili, na kila jioni hubandikwa orodha ya waliochanga. Je, nalazimika kuchanga? (Mfanyakazi, Dodoma)

Hulazimiki. Michango ya harusi na ya msiba ina mizizi mirefu kwetu, na ninaiheshimu, kwa sababu ilizaliwa na shughuli ambazo humzidi uwezo mtu mmoja na ambazo kila nyumba huzifikia kwa zamu yake: leo nakubeba, kesho unanibeba. Siku ya kuzaliwa hurudi kila mwaka kwa kila mtoto wa kila nyumba. Ofisi yenye watu 30, kila mmoja akiwa na watoto wawili au watatu, ikianza kuchangiana kwa kiwango hicho, mishahara haitafika katikati ya mwezi.

Mwandikie mwenzako yeye peke yake, si kwenye kundi, maneno kama haya: "Hongera sana kwa mtoto kutimiza mwaka. Safari hii sitaweza kushiriki kwenye mchango, lakini namwombea afya na maisha marefu." Baada ya hapo unaweza kutoka kwenye kundi bila kuona haya. Ukitaka kumpelekea mtoto sabuni na mafuta siku nyingine, hiyo ni hiari yako. Na aliyekwisha kuchanga asidhaniwe kuwa anadaiwa zawadi juu ya mchango wake.

Kwa waandaaji nina ombi ninalolitoa kwa moyo wangu wote. Mtu hujikuna ajipatapo. Mtoto wa mwaka mmoja hatakumbuka mapambo wala mshereheshaji, ila wazazi wake watalikumbuka deni la ukumbi. Ndugu wakitaka kusaidia, waachieni walete vitu: huyu alete mchele wa pilau, yule alete soda na barafu, shangazi aoke keki. Orodha ya majina na viwango iondolewe kabisa, kwa sababu kazi yake pekee ni kumwaibisha yule ambaye jina lake halimo, nanyi hamjui mwezi huo amelipia nini.

Niliandaa chakula cha watoto 15, wakaja 27, kwa sababu wazazi walikuja na wadogo, wakubwa na hata watoto wa jirani. Nilishikwa na hasira ambayo sikuionesha. Ningefanya nini? (Mama, Morogoro)

Ulifanya vyema kutoionesha. Mtoto akishafika mlangoni amevaa nguo zake nzuri, harudishwi. Keki hukatwa vipande vidogo zaidi, pilau hupakuliwa kidogo kidogo, na vifuko vya pipi hufunguliwa vyote na kugawanywa upya ili kila mkono upate. (Vifuko hivyo viwe vya karatasi au vya kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.)

Hata hivyo, wazazi wale msiwahukumu haraka kwamba ni walafi. Mialiko tuliyokulia nayo, ya maulidi, akika, ubatizo au arusi, ilikuwa ya nyumba nzima, na kuja peke yako ndiko kulikokuwa kukosa adabu. Mwaliko wa mtoto mmoja kwa jina lake ni jambo jipya, na jambo jipya huelezwa. Andika kwenye mwaliko jina la mtoto unayemwalika, sema kama mzazi anatarajiwa kubaki au kumwacha na kurudi kumchukua, na taja siku ya mwisho ya kuthibitisha. Naye mzazi mwenye wadogo asioweza kuwaacha nyumbani aulize kabla: "Nina mdogo wake wa miaka mitatu, naweza kuja naye?" Akijibiwa hapana, asikasirike. Na jibu la "nitajitahidi" halimsaidii mtu anayepima mchele. Mwambie unakuja au huji.

Niongeze jambo moja ambalo waulizaji hawaligusi. Dada wa kazi anayeletwa kumsindikiza mtoto ni mgeni wenu pia. Mpeni kiti na sahani kama wengine. Nimewaona wasichana hawa wakisimama ukutani saa tatu nzima, mikoba ya watoto mabegani, hadi sherehe inamalizika na hakuna aliyewauliza kama wamekunywa hata maji.

Kadi niliyoitengeneza kwa programu ya simu iliandika "2:00 – 5:00". Wakwe zangu walifika saa mbili usiku, sisi tumeshafagia ua. Wameudhika mpaka leo. (Mke, Tanga)

Walisoma walichoandikiwa. Kadi za kwenye simu hufuata saa za Kizungu, na mzee aliyeziona tarakimu hizo alizielewa kama anavyoelewa saa maisha yake yote. Futa tarakimu, andika kwa maneno: "kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni." Saa ya kumaliza ni muhimu kama ya kuanza, kwa sababu ndiyo inayomwambia mzazi arudi lini kumchukua mwanawe. Nendeni wewe na mumeo mkawaombe radhi wazazi nyumbani kwao, mkiwa mmewabebea chochote. Siku nyingine wakubwa wa familia waalikwe kwa sauti, kwa kwenda au kwa kupiga simu. Picha ya kadi iwafuate baadaye kama ukumbusho.

Zawadi ya mtoto wa rafiki iwe ya bei gani, na je, ifunguliwe mbele ya wageni? (Baba, Mwanza)

Bei haipo. Rangi za kuchorea, kitabu cha hadithi, mpira au chupa ya maji ya shule vinatosha kabisa. Asiye na kitu aje hivyo hivyo, kwani aliyealikwa ni mtoto wake, si kifurushi. Kuhusu kufungua, nawashauri wenyeji wangoje hadi wageni wameondoka. Washereheshaji wanaosoma majina na kutangaza kilichomo ndani ya bahasha wanamfanya mtoto aliyeleta daftari mbili ashushe macho mbele ya aliyeleta baiskeli. Kesho yake, mtoto wenu arekodi ujumbe mfupi wa sauti kwa kila aliyemletea kitu, akitaja kitu chenyewe.

Sisi ni Waislamu na mume wangu haafiki sherehe za kuzaliwa. Jirani yetu mwema amemwalika mwanetu. Nitakataaje bila kuvunja ujirani? (Mama, Unguja)

Jibu mapema na kwa ufupi: "Tunashukuru sana kwa kumkumbuka mwanetu. Hatoweza kuhudhuria, nasi tunawatakieni shughuli njema." Ukitaka kutaja sababu, itaje kwa sentensi moja bila mahubiri. Wako Waislamu wanaoziona sherehe hizi kuwa ni mambo ya desturi tu, na wako wasioziafiki. Mashahidi wa Yehova nao hawasherehekei siku za kuzaliwa. Mwenyeji anayepokea jibu kama hilo asibembeleze wala asimwambie mtoto kwamba wazazi wake ni wagumu. Watoto wataendelea kucheza pamoja kesho yake barazani kama kawaida.

Nanyi mnaoalika watoto wa imani mbalimbali, hakikisheni nyama imechinjwa kihalali, someni pakiti za peremende laini kwa sababu baadhi zina jelatini ya nguruwe, na msipange sherehe mchana wa Ramadhani. Ulizeni pia kama kuna mtoto anayedhurika kwa karanga au maziwa. Swali hilo moja, likiulizwa siku mbili kabla, linaweza kuokoa maisha.

Mgeni alirusha mtandaoni picha za watoto wote waliokuwa kwenye sherehe yetu, pamoja na jina la shule yao. Nilikosea kumwomba azifute? (Baba, Arusha)

Hukukosea. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na hata bila sheria, mtoto wa mtu hatangazwi bila idhini ya wazazi wake. Mwenyeji aseme mwanzoni kabisa, kabla simu hazijatolewa, kwamba picha zitapigwa na mtu mmoja na kutumwa kwa wazazi faraghani.

Kulishana keki kulichukua karibu saa nzima kwenye sherehe ya mwanetu. Babu, bibi, wasimamizi wa ubatizo na wafanyakazi wenzetu wote waliitwa mmoja mmoja. Watoto walianza kulia. Tungeikatiza desturi hii? (Wazazi, Moshi)

Msiikatize, ifupisheni. Kulishana keki ni namna yetu ya kumwonesha mtoto watu wake, nami naipenda. Mwacheni mtoto awalishe wazazi wake, babu na bibi, na wasimamizi wake, kisha kisu kiendelee na kazi. Wengine walishwe kwa sahani. Na watoto wapewe chakula kabla ya kuimbiwa chochote: wakiingia saa nane, wale ifikapo saa tisa, kwa sababu wengine wametoka nyumbani bila kula wakisubiri hicho hicho mlichowaahidi. Keki ikatwe saa kumi, wakiwa wameshiba na wana nguvu ya kuimba. Babu akichelewa njiani, kipande chake kifunikwe na sahani kiwekwe kando, mjukuu amlishe akifika.