Wanne kwa nafasi tatu: maswali yenu kuhusu usajili wa Red Sox

Tangu Dodgers wa Los Angeles wafunge kazi na kubeba ubingwa wa besiboli ya Marekani pale Toronto usiku wa Novemba mosi, 2025, maswali yamemiminika, na karibu yote yanahusu Red Sox, timu ya Boston. Naelewa. Wengi wetu tuliotua Massachusetts, hasa huku Lowell na Worcester, hatukuchagua timu, tuliikuta mtaani. Kwa aliyesahau tulipoishia: ushindi 89 msimu wa 2025, kisha Yankees wa New York wakatutoa kwa mechi mbili dhidi ya moja katika raundi ya kwanza ya mchujo. Maswali haya ni ya Novemba 2025, msimu wa tetesi. Walioniuliza namna ya kupata tiketi za Fenway, uwanja wetu, kwa bei nafuu watanisamehe.

Kaka, tuna wachezaji wanne wa uwanja wa nje na nafasi ni tatu. Aondoke nani? – Msomaji, Lowell

Duran. Nasema mapema ili wa kukasirika aanze kukasirika.

Wanne wenyewe ni Jarren Duran, Ceddanne Rafaela, Wilyer Abreu na Roman Anthony. Rafaela na Abreu wote walibeba Gold Glove mwaka 2025, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake. Rafaela mkataba wake unafika 2031. Anthony, akiwa na miaka 21, Agosti 2025 alimwaga wino kwa miaka minane, dola milioni 130, huyo haguswi. Wanaobaki mezani ni Duran na Abreu, na hapo ndipo watu wanarushiana maneno.

Wanaomtetea Duran wanataja 2024, alipotangazwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wote, na wanataja mbio zake. Sawa kabisa. Lakini utazame uwanja wenyewe. Upande wa kushoto wa Fenway upo ule ukuta wa kijani, kimo chake mita 11 na ushee, na kutoka kwa mpigaji ni kama mita 95 tu. Mlinzi wa kushoto pale hana pa kukimbilia. Mpira unagonga ukuta juu ya kichwa chake, yeye anageuka, anakisia utadundia wapi, anauokota na kuuwahisha besi ya pili. Ni kazi ya macho na ya kuuzoea ukuta. Mbio za Duran zinakaa bure. Kulia ni kinyume chake. Uwanja unafunguka hadi mita 116 hivi kwenye uzio wa warushaji wa akiba, na kona yake imepinda vibaya, mgeni akiingia anaonekana kama mtu anayekimbiza kuku. Pale unahitaji mtu aliyeijua ile kona na mwenye mkono wa Abreu. Katikati ni Rafaela, hilo halina mjadala.

Halafu kuna suala la upande wa kupigia. Duran, Abreu na Anthony wote wanapiga kwa mkono wa kushoto. Masataka Yoshida, ambaye hana pengine pa kucheza zaidi ya nafasi ya mpigaji mteule, yule anayepiga tu bila kulinda, naye ni wa kushoto, na mkataba wake haujaisha hadi 2027. Mpigaji wa kushoto hupata taabu zaidi kwa mrushaji wa kushoto, kwa hiyo kocha wa upande wa pili akiwa na mrushaji mzuri wa mkono huo, anatukabili usiku mzima bila kuhangaika.

Kwa hiyo Duran aende, ila asitupwe. Baada ya msimu wa 2025 amebakiza misimu mitatu kabla ya kuwa mchezaji huru, na hiyo misimu mitatu ndiyo mali tunayoiuza. Tukipewa mrushaji wa kuanza mechi mwenye miaka kama hiyo, wa kuwa namba mbili nyuma ya Garrett Crochet, mrushaji wetu namba moja, nakubali leo. Tukipewa mrushaji wa mwaka mmoja, nakataa hata kama jina lake linajaza uwanja.

Kwa nini mrushaji? Rudi Bronx, nyumbani kwa Yankees, Oktoba 2, mechi ya tatu. Mrushaji Lucas Giolito majeruhi, Crochet alikwisha kutupa ushindi mechi ya kwanza, tukabaki na Connelly Early, kijana wa miaka 23 aliyekuwa ameanza mechi nne tu za ligi kuu. Upande wa pili alisimama Cam Schlittler, mtoto wa Walpole, hapa hapa Massachusetts, akawatoa wapigaji wetu 12 kwa strayki, yaani walishindwa kuupiga mpira ukaingia uwanjani, katika inningi (vipindi) nane. Tulilala 4–0. Ule usiku ulihitaji mrushaji wa pili aliyekomaa, na hatukuwa naye.

Mimi ni mtu wa Simba, lakini besiboli imenikamata. Inakuwaje mchezaji anahamishwa bila hata kuulizwa? Huku mchezaji akigoma, dili limekufa. – Msomaji, Dar es Salaam

Huko klabu inanunua mtu, na mtu anakaa mezani kukubaliana mshahara mpya. Besiboli ya Marekani kinachohama ni mkataba, na mwenye mkataba anaufuata ulikokwenda. Mshahara haubadiliki hata senti. Anapigiwa simu, anafungasha.

Siku za nyuma ilikuwa mbaya zaidi: klabu iliweza kumshikilia mchezaji maisha yake yote ya uwanjani. Mwaka 1969 St. Louis walimpeleka Curt Flood kule Philadelphia baada ya kuwatumikia misimu 12. Flood akakataa, akaenda mahakamani, akafika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Mlango ulikuja kufunguka 1975, msuluhishi alipoamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally wako huru. Flood mwenyewe alikuwa ameshaacha kucheza.

Leo hesabu iko hivi. Miaka sita ya kwanza ya ligi kuu mchezaji ni wa klabu. Takriban mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa majadiliano au kwa msuluhishi. Baada ya hapo yuko huru. Mwaka mmoja unahesabika kwa siku 172 za kuwa kikosini, na ndiyo maana utaona kinda anayewaka akiwekwa ligi za chini wiki chache mwanzoni mwa msimu: klabu inajinunulia mwaka wa ziada. Wanaoweza kukataa kuhamishwa ni wale walioandikiwa kipengele hicho kwenye mkataba, au wenye miaka 10 ya ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa na timu moja.

Nikupe na kisa, maana nakipenda. Agosti 4, 1982, mchana, Joel Youngblood alikuwa Chicago na Mets. Akapiga, wakaingia wakimbiaji wawili, kisha akatolewa uwanjani katikati ya mechi na kuambiwa: umeshahamishiwa Montreal. Akapanda ndege, akawakuta wenzake wapya Philadelphia usiku ule ule, akaingia, akapiga tena. Siku moja, timu mbili, miji miwili, na warushaji aliowapiga ni Ferguson Jenkins na Steve Carlton. Wapenzi wa Kariakoo dabi, hebu mpigieni picha mchezaji wenu katika hali hiyo.

Miaka inapita lakini mimi kuondoka kwa Mookie Betts sijasamehe. Kweli ilikuwa lazima aende? – Dada wa Worcester

Haikuwa lazima, dada. Ilikuwa hesabu.

Betts alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, na kufikia Februari 2020 alikuwa amebakiza msimu mmoja kabla ya kuwa huru. Klabu ilitaka jumla ya mishahara yake ishuke chini ya kiwango cha dola milioni 208, kwa sababu ukivuka unalipa kodi ya anasa, na ukivuka mwaka baada ya mwaka asilimia inapanda: 20, kisha 30, kisha 50. Basi wakamfunga Betts pamoja na David Price na mshahara wake mnene, wakawapeleka Los Angeles. Wakaja Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Downs alikwisha kuondoka 2022. Verdugo aliuzwa kwa Yankees, kati ya watu wote, Desemba 2023. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 ni Wong tu aliyekuwa bado yupo, mdakaji wa akiba. Betts alisaini miaka 12 kwa dola milioni 365 kabla hata ya kucheza mechi moja ya ligi akiwa Dodgers, na amebeba ubingwa nao 2020, 2024 na 2025.

Watu husema bora wangepata kitu kuliko aondoke bure. Hoja hiyo ingekuwa na miguu kwa klabu ndogo. Klabu inayojaza Fenway, yenye televisheni yake, ilikuwa na njia ya tatu, nayo ni kumlipa.

Na Rafael Devers je? Alikuwa mkaidi, au walimkosea? – Msomaji, Springfield

Vyote viwili, ila waliokosea kwanza ni klabu. Devers alikuwa na mkataba wa dola milioni 313.5 na besi ya tatu ilikuwa yake. Februari 2025 wakamleta Alex Bregman, besi ya tatu akapewa yeye. Devers akanung'unika, akakubali kuwa mpigaji mteule. Mei, Triston Casas akaumia goti, wakamwendea tena: njoo besi ya kwanza. Akakataa, na akalisema hilo mbele ya waandishi. Juni 15, wakiwa wametoka kuwafagia Yankees mechi zote, wakampeleka San Francisco. Waliokuja ni Jordan Hicks, Kyle Harrison, James Tibbs III na Jose Bello, na Tibbs hakumaliza hata miezi miwili kabla ya kupelekwa Dodgers.

Mchezaji wa kulipwa anatakiwa kucheza anapopangwa, hapo simtetei. Lakini kumpanga mtu mara mbili bila kukaa naye chini kwanza, kisha kushangaa kwamba amekasirika, huo si uongozi.

Nimesoma kwamba fulani amebadilishwa na "mchezaji atakayetajwa baadaye". Ni utani? – Msomaji, Nairobi

Si utani. Klabu mbili zinakubaliana, jina la mmoja linaachwa wazi, na lazima litajwe ndani ya miezi sita. Utani uliwahi kutokea 1962: Cleveland waliwapa Mets mdakaji Harry Chiti kwa mchezaji atakayetajwa baadaye, na aliyekuja kutajwa ni Harry Chiti.

Mzee, kuna Mwafrika yeyote aliyefika ligi kuu? – Msomaji, Kampala

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani, Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates. Mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, akafika besi ya kwanza. Kisha, kwa kuwa leo tunazungumza usajili, Novemba mwaka huo huo naye akahamishiwa Toronto.

Na nyinyi Waganda msijisahau. Watoto wenu walifuzu mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, 2011 wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano hayo, kule Williamsport, Pennsylvania, na ikaifunga timu ya Oregon 3–2. Anayetaka kujua mrushaji wetu wa kwanza wa Afrika Mashariki atatoka wapi, mimi dau langu liko Uganda.

Kwa nini klabu zinahangaika na orodha ya watu 40 ilhali wanaocheza ni 26? – Msomaji, Lynn

Kwa sababu kila Desemba ipo siku ya kuokotana. Kijana aliyekaa ligi za chini miaka minne au mitano, kutegemea umri aliosaini, bila kuingizwa kwenye ile orodha ya 40, klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua kwa dola 100,000. Sharti ni moja: lazima akae kwenye kikosi cha 26 msimu mzima, la sivyo anarudishwa kwao kwa nusu ya bei. Roberto Clemente alitoka mikononi mwa Dodgers hivyo hivyo, 1954. Na sisi Desemba 2020 tulimwokota Garrett Whitlock kutoka Yankees, ambaye hadi leo ni mmoja wa warushaji wetu wa kumalizia mechi. Ndiyo, najua ni yeye aliyepigwa mechi ya pili Bronx. Bado simrudishi.

Novemba 2025 Bregman alitumia kipengele chake cha kujitoa kwenye mkataba, akaingia sokoni. Tulipaswa kumpa pesa aliyotaka? – Msomaji, Lowell (mwingine)

Miaka minne, ndiyo, na hata mshahara wa mwaka upande kidogo. Sita, hapana. Alikuwa na miaka 31, mwaka 2025 paja lilimweka nje wiki nyingi, na kiwango cha kodi ya anasa msimu wa 2026 ni dola milioni 244. Mwaka wa tano na wa sita tungekuwa tunamlipa kukaa kwenye nafasi ya mpigaji mteule, ambayo Yoshida ameshatuonyesha inavyokwama. Kama angepata miaka hiyo kwingine, apewe tu mkono wa heri, na kijana wetu Marcelo Mayer angehamia besi ya tatu Aprili 2026. Mliosema Mayer hajaiva, mlikuwa na hoja. Lakini angeiva akicheza wapi?