Kabla Hujanunua Nguruwe, Tafuta Mahali pa Kuweka Kinyesi Chake

Nilianza kufuga nguruwe huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nikiwa na majike wanne. Ndani ya miaka miwili banda lilikuwa na zaidi ya 40, wakubwa kwa wadogo. Hesabu zangu zote zilikuwa za chakula na dawa: pumba za mahindi, mashudu, dagaa, sindano ya madini kwa vitoto. Bei ya gunia la pumba niliijua kiangazi na masika. Hesabu ya kinyesi sikuipiga hata siku moja.

Wewe ipige mapema. Nguruwe wa kilo 80 hadi 100 hutoa kinyesi na mkojo kama kilo 4 hadi 6 kwa siku. Wakiwa 20 wa ukubwa huo ni karibu kilo 100 kila siku, yaani tani 3 kwa mwezi. Tani 3 zinahitaji mahali pa kukaa. Usipozitafutia wewe, mvua itazitafutia, na huku kwetu mvua ina njia moja tu, kuteremkia ziwani.

Nilichimba shimo nyuma ya banda, la udongo mtupu. Kila asubuhi tuliwasha pampu na kuosha sakafu kwa mapipa mawili ya lita 200. Banda lilimeta, wageni wakanisifu. Masika ya pili shimo likafurika usiku. Kulipokucha tope jeusi lilikuwa limeshafuata mfereji hadi kwenye kihori kati ya mawe, pale kina mama wanapoteka maji na kufua. Siku zile maji ya pale yalikuwa na utando wa kijani. Ukijani huo una wazazi wengi: vyoo, mbolea za mashambani, uchafu wa mjini unaoshuka na Mto Mirongo. Lakini tope lilikuwa langu, na kila mtu aliona lilikotoka.

Jioni akaja mzee mmoja mvuvi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda. Akasema taratibu, "Mwanangu, nguruwe wako tunawanywa." Hakuongeza neno. Mpaka leo naisikia ile sauti.

Kilichonifanya nikosee ni kuamini kwamba kinyesi kikishafika kwenye maji mengi kimekwisha. Hakiishi. Naitrojeni na fosforasi zinazostawisha mchicha ndizo zinazostawisha mwani na gugumaji. Mwani ukifa huoza, na kuoza kunakula oksijeni ya maji. Samaki wa wazi anaweza kuhama, sato aliye kwenye kizimba hana pa kwenda. Baadhi ya mwani huo hutoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Na kwenye visima vifupi nitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, hupenya na maji ya chini, hasa penye mchanga kama ufukweni. Hiyo ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, na kuchemsha hakuipunguzi pia. Ndiyo maana shimo lisilo na saruji silipendekezi kwa mtu yeyote anayefuga karibu na ziwa. Linaficha uchafu machoni, haliuzuii.

Tulichobadilisha kwanza ni maji. Kinyesi kikavu ni mbolea, unakibeba kwa toroli na kukiuza. Ukikimwagia maji kinakuwa mto usio na mnunuzi. Sasa kijana wangu anakwangua sakafu kwa koleo asubuhi na jioni, ndipo anaosha kidogo. Mapipa mawili yamekuwa nusu pipa. Sehemu ya kulala tunatandika maranda, yananyonya mkojo na yanapunguza harufu.

Kile kikavu tunakirundika chini ya paa la bati, kwenye sakafu ya saruji, tabaka la kinyesi na tabaka la maganda ya mpunga. Maganda hayakosekani kwenye mashine za kukoboa. Rundo lifike kifuani na liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Likishika vizuri ndani linapanda hadi nyuzi 55 au 60, na joto hilo ndilo linaloua mayai ya minyoo na vijidudu vingi. Tunaligeuza kila wiki mbili ili na la nje liingie ndani. Baada ya miezi mitatu linanuka udongo. Wakulima wa nyanya wanakuja wenyewe na viroba vyao.

Kuhusu mtambo wa gesi ya kinyesi (bayogesi), nauunga mkono, kuni zinapungua jikoni. Ila usidanganyike kwamba unamaliza tatizo. Unatoa gesi tu. Naitrojeni na fosforasi zinabaki kwenye tope linalotoka upande wa pili, na tope hilo nalo linahitaji shamba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ziheshimu, lakini angalia na mteremko. Uchafu wa banda lililo mita 200 kutoka ziwani, juu ya mfereji unaoteremka, unafika majini haraka kuliko wa banda lililo mita 80 kwenye tambarare. Kabla ya kujenga, simama kiwanjani mvua ikinyesha uone maji yanakwenda wapi. Matete na mafunjo ya ukingoni usiyafyeke, yanakamata tope.

Homa ya nguruwe ikiingia, mwite afisa mifugo. Mizoga ifukiwe mbali na maji, isitupwe ziwani.

Kinachonisumbua bado ni mkojo. Tumejenga tangi la saruji lenye mfuniko, tunauchanganya na maji na kumwagilia migomba wakati wa kiangazi. Masika tangi linajaa haraka na ardhi imeshashiba, hivyo mwaka huu nimepunguza nguruwe hadi 25. Tangi la pili nimeshalichimbia msingi, nasubiri saruji.