Kabla hujagombana na tuzo, jua kura zilivyohesabiwa

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhakiki filamu niliuchezea. Nilichukua orodha ya filamu zote zilizopata Oscar ya Filamu Bora, nikaanza kuzitazama tangu ile ya kwanza kabisa, nikiamini nikifika mwisho nitakuwa nimeijua sinema. Nilifika mwisho. Sinema sikuijua. Kwa filamu za mwaka 1941, orodha ile inakukutanisha na How Green Was My Valley. Citizen Kane, iliyoteuliwa mara 9, iliondoka na tuzo moja tu, ya skripti. Vertigo ya 1958 haimo kabisa: iliteuliwa katika vipengele viwili vya ufundi, ikatoka mikono mitupu. Mwaka 2012 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowapigisha kura wahakiki, ni Vertigo hiyohiyo iliyoshika nafasi ya kwanza na kuiteremsha Citizen Kane, iliyokuwa imekaa kileleni miaka 50.

Basi nikageuka, nikaanza kuwadhihaki washindi kwa kuwa tu wameshinda. Nalo hilo likawa kosa, tena baya zaidi, maana wasomaji hulishangilia nawe unazoea. How Green Was My Valley ni filamu nzuri. Mwongozaji wake, John Ford, alijua anachokifanya. Wengi wanaoitukana hawajawahi kuitazama. Wanachojua ni kwamba iliishinda Citizen Kane.

Kilichonifumbua macho ni siku nilipoitwa kuwa jaji mimi mwenyewe. Tamasha lilikuwa dogo, majaji tulikuwa watano. Kulikuwa na filamu moja ambayo wawili wetu tuliiweka juu kabisa, na wengine wawili hawakutaka hata kuisikia. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe ikashinda filamu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiweka ya kwanza; ilikuwa ya pili kwa watatu na ya tatu kwa wawili. Tukaitangaza kuwa bora, ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga.

Sasa kichukue kikao kile, ukiongezee watu mpaka wafike maelfu, na uondoe mabishano, maana kila mmoja anapiga kura peke yake. Hapo unaanza kuielewa Oscar. Tangu filamu za mwaka 2009, wateule wa Filamu Bora walipoongezwa kutoka 5 hadi 10, mpiga kura hachagui filamu moja bali anazipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Isipopatikana iliyovuka nusu ya kura, ile yenye kura chache za nafasi ya kwanza huondolewa, na karatasi zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Mchezo unarudiwa mpaka mmoja avuke nusu.

Fanya hesabu hii kwa mkono angalau mara moja, usiiruke. Tuseme wapiga kura ni 100 na zimebaki filamu tatu. Ya kwanza ina kura 38, ya pili 32, ya tatu 30. Ya tatu inatoka. Kati ya wale 30, tuseme 22 waliipanga ile yenye 32 kama chaguo lao linalofuata, na 8 wakaipanga ile yenye 38. Jumlisha: 54 kwa 46. Iliyokuwa nyuma imeshinda, na hakuna aliyeiba kura. Kwa utaratibu huu filamu inayopendwa sana na theluthi ya watu na kuwaudhi waliobaki ina kazi ngumu kuliko ile ambayo wengi wanaikubali kwa utulivu.

Vipengele vingine havihesabiwi hivyo. Huko mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Mwaka 2017 Damien Chazelle alipata tuzo ya uongozaji kwa La La Land, Filamu Bora ikaenda kwa Moonlight. Watu wanakumbuka bahasha iliyokosewa jukwaani, La La Land ikatangazwa kwanza kimakosa. Wewe kumbuka pia kwamba tuzo hizo mbili zilihesabiwa kwa njia mbili, kwa hiyo usikimbilie kuandika kwamba wapiga kura wamejipinga wenyewe.

Halafu uliza: hao wapiga kura wametazama nini? Ni mwaka 2025 tu ambapo Akademi, chombo kinachotoa Oscar, ilitangaza kwamba mwanachama lazima awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele ndipo aruhusiwe kukipigia kura ya mwisho. Jiulize kwa nini ilibidi jambo kama hilo liandikwe. Studio nazo zinajua kwamba filamu isiyotazamwa haipigiwi kura, ndiyo maana hutumia fedha nyingi kwa matangazo na maonyesho maalumu, na ndiyo maana filamu nyingi zenye matumaini ya tuzo hutolewa miezi ya mwisho ya mwaka, ziwe bado mbichi vichwani. Filamu ya mwezi wa pili yenye msambazaji asiye na fedha inaweza kuwa bora kuliko zote na isifike hata kwenye mazungumzo.

Nyingine zinaishia mlangoni. Mwaka 2019 Nigeria ilipeleka Lionheart katika kipengele cha filamu ya kimataifa, ikaondolewa kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Ubora wake haukujadiliwa hata dakika moja. Ukiandika kwamba filamu fulani "imeshindwa Oscar", hakikisha kwanza kama ilishindana.

Na tuzo si moja. Golden Globe, tuzo nyingine ya Marekani, kwa miaka mingi ilitolewa na kikundi cha waandishi wasiofika hata 100. Mwaka 2021 ilipofichuliwa kwamba kati ya wanachama wake 87 hakukuwa na mweusi hata mmoja, kituo cha televisheni cha NBC kikakataa kurusha sherehe ya 2022. Watu wa mabasi mawili, nasi tulikuwa tukilitaja jina la tuzo yao kama hukumu ya dunia! Cannes, tamasha la filamu la Ufaransa, nako ni jopo dogo, kwa kawaida watu 9, lakini wanaketi pamoja na kubishana, kwa hiyo filamu ngumu hupata wakili. Parasite ya Korea Kusini ilishinda Cannes mwaka 2019, kisha mwaka 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya Filamu Bora. Njia mbili zisizofanana zikifika kwenye filamu moja, hapo mimi hutega masikio.

Mimi siku hizi husoma wateule kuliko washindi. Katika Oscar, wahariri ndio wanaoteua wahariri, na wapiga picha wanateua wapiga picha, kabla ya wanachama wote kupewa kura ya mwisho. Orodha ya uteuzi wa uhariri ni maoni ya mafundi kuhusu mafundi wenzao. Imenifundisha mengi kuliko jina lililosomwa kwenye bahasha, hasa nilipokuta humo filamu ambayo mimi niliidharau.

Tena weka daftari. Panga filamu zako kumi za mwaka kabla wateule hawajatangazwa, andika sababu ya kila moja, na usirudi kuifuta ukiona wenzako wamesema vingine. Irudie baada ya miaka michache. La mwaka ule wa jopo bado ninalo. Filamu niliyoipigania nimeitazama tena mara mbili, na mara ya pili niliona alichokuwa akikisema jaji mwenzangu, yule mhariri mzee aliyeipinga: dakika 20 za mwisho zinakokota kweli. Bado ningeiweka ya kwanza.