Pagala Langu la Mkundi na Milioni Mia Ambazo Sikuzipata

Nyumba yangu iko Mkundi, pembeni ya mji wa Morogoro, na kuitambua si kazi: ndiyo ile yenye kuta za vyumba sita na bati juu ya vyumba viwili. Kwenye vyumba vinne vilivyobaki watoto wa majirani hucheza kombolela. Pale palipotakiwa kuwa sebule umeota mpapai, na kwa kweli unazaa vizuri. Msingi niliuchimba mwaka 2014, nikiwa muuguzi mwenye miaka 50, na kila aliyeniuliza kwa nini najenga kubwa hivyo nilimjibu, "Kiinua mgongo kitamalizia."

Nilistaafu Agosti 2024. Kiinua mgongo hakikumalizia.

Sisi tuliokuwa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tulikuwa na hesabu moja tuliyoijua kwa kichwa, hata zamu ya usiku mtu angeweza kuikokotoa nyuma ya karatasi ya joto la mgonjwa. Mshahara wako wa mwaka unazidisha kwa miezi uliyotumikia, unagawa kwa 540. Nusu ya jibu unazidisha kwa 15.5, huo ndio mkupuo, fedha unayolipwa mara moja ukistaafu. Nusu inayobaki unagawa kwa 12, hiyo ndiyo pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa ikawa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni zilizofuata zikaja na kikokotoo kipya: kugawa kwa 580, kuzidisha kwa 12.5, na mkupuo ni asilimia 25 tu. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka. Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha, ikaamuliwa ya zamani iendelee hadi 2023. Tukapumua. Na kosa langu la kwanza ndilo hilo, kwamba nilipumua na kuongeza tofali.

Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33, kwa 580 na 12.5 zilezile. Kwenye bajeti ya Juni 2024, sisi tuliokuwa zamani tukipata nusu tukapandishwa hadi asilimia 40.

Sasa tuyaweke kwenye namba, maana maneno matupu hayaumi. Mimi nimetumikia miezi 408. Wastani wa mishahara yangu ya miaka mitatu iliyo bora, ambao ndio unaotumika sasa, ulikuwa shilingi 1,450,000 kwa mwezi, yaani 17,400,000 kwa mwaka. Kwa kikokotoo cha PSPF, kama mshahara ungekuwa huohuo, mkupuo ungekaribia milioni 102. Kwa kile cha 2018 kilichositishwa, milioni 38 na robo. Kwa asilimia 33, milioni 50 na nusu. Nilicholipwa ni 61,200,000. Ndani ya miaka sita mkupuo wangu ulibadilika mara tatu, na mimi sikuhama hata wodi.

Lakini tazama upande wa pili, ambao watu hawausemi kwenye vijiwe. Kwa hesabu ya zamani pensheni yangu ya mwezi ingekuwa kama 548,000. Sasa napokea 612,000. Kama mabadiliko haya ni ya haki au si ya haki nina maoni yangu, na mume wangu ameyasikia ya kumtosha. Ninachotaka kusema hapa ni kingine: nilikuwa nimepanga uzee wote kwa fedha ya siku moja, wakati uzee wenyewe huliwa kwa mwezi. Mchele, umeme, gesi, nauli ya kwenda kliniki, hakuna hata kimoja kinachosubiri mkupuo.

Kwa hiyo mtu wa miaka 45 akiniuliza aanzie wapi, simwambii anunue kiwanja. Namwambia aigize ustaafu.

Mimi nililifanya hilo Januari 2019, baada ya ile hofu ya Desemba. Nilikadiria pensheni yangu itakuwa kama laki tano kwa mshahara wa wakati ule. Siku mshahara ulipoingia nikatoa laki tano, kilichozidi nikakihamishia kwenye akaunti ambayo kadi yake nilimkabidhi mume wangu, nikamwambia asinipe hata nikilia. Tarehe 19 nikalia. Hakunipa, ila alininunulia unga.

Mwezi wa pili nikaandika kila kitu kwenye daftari la mia mbili. Nilidhani fedha inakwisha kwa chakula. Kumbe chakula kilikuwa kinachukua chini ya nusu. Kadi za harusi zilikuwa nne mwezi huo, mbili za watoto wa watu ambao sijawahi hata kuingia sebuleni kwao. Kulikuwa na vocha. Kulikuwa na ada ya mjukuu ambayo kwa maelezo ya awali ilikuwa "ya muhula huu tu, mama", na ule ulikuwa muhula wa tano. Kulikuwa na nauli ya bodaboda asubuhi kwa sababu sikutaka kuamka dakika ishirini mapema. Mwezi wa tatu nilifika tarehe 27. Nikajua sasa shimo langu lina ukubwa gani: karibu laki mbili na nusu kila mwezi. Hiyo ndiyo namba niliyokuwa nayo miaka mitano kabla ya kustaafu, na wenzangu wengi waliijua siku ya kwanza waliyoenda benki na kukuta hakuna mshahara.

Ukishaijua namba yako, unaanza kutafuta cha kuiziba. Mimi nilikuwa tayari na kitu kimoja. Mwaka 2017 nilikuwa nimefungua duka la dawa muhimu kwa kibali, na mtoto wa dada yangu aliyesomea utoaji dawa ndiye alikaa dukani. Mwaka wa kwanza lilinitia hasara safi. Nilijaza rafu dawa ambazo mtaa ule hauzihitaji, nyingine zikaisha muda. Majirani walikopa, na muuguzi anayeishi mtaani utamwambiaje mama mwenye mtoto wa homa akalete hela kwanza? Ilibidi nijifunze kumpeleka kituo cha afya badala ya kumkopesha dawa. Mwaka wa tatu ndipo duka lilipoanza kunipa laki moja na nusu mpaka laki mbili kwa mwezi. Hasara ile niliilipa kwa mshahara. Wapo niliostaafu nao waliochukua mkupuo wakanunua basi dogo, au vifaranga mia nane, wakiwa hawajawahi kumlipa kondakta wala kuona kuku wa kideri. Wao ada ya kujifunza waliilipa kwa mkupuo. Biashara ya uzeeni ianze ukiwa bado kazini, iwe ndogo, ikuonyeshe ubaya wake mapema.

Kitu cha pili kilikuja mwaka 2021 kwa bahati. Nilikuwa na kiwanja Kihonda, nikakiuza ili niezeke pagala lote. Mhasibu wetu, mtu mkimya sana, akaniuliza, "Sista, bati litakulipa nini kila nusu mwaka?" Akanieleza hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba. Benki Kuu huzinadi, unaingia kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa, na ukishakuwa na milioni moja unaweza kuomba. Wakati ule ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Nikachukua ya thamani ya milioni 8. Nalipwa 619,600 kila baada ya miezi sita. Ukiiangalia vizuri ni pensheni yangu ya mwezi na chenji kidogo juu, kwa hiyo mwaka wangu una miezi 14. Mwaka 2022 riba za toleo jipya zilishushwa, ya miaka 20 ikawa 12.10, ila sisi tulioshika za awali riba yetu haiguswi mpaka muda uishe, kwangu mwaka 2041. Nitakuwa na miaka 77. Nimeshawaambia wanangu karatasi iko wapi.

Kwa asiyependa kusubiri minada kuna vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Dada mmoja wa maabara alikuwa akinunua vya elfu hamsini kila mwezi tangu akiwa kijana, tukimcheka. Mfuko wao wa Hatifungani ulioanza 2019 una watu wanaochukua gawio kila mwezi kama mshahara. Faida inaweza kupanda na kushuka, na mtu wa umri wangu asiweke huko fedha ya dawa ya presha ya mwezi ujao. Lakini kijana wa miaka 30 mwenye elfu hamsini na uvumilivu ana kitu ambacho mimi siwezi kukinunua tena kwa bei yoyote.

Nitakaa kidogo kwenye mikopo, maana hapa ndipo niliona watu wazuri wakiharibika. Sheria inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Tulikuwa na wenzetu ambao miaka kumi ya mwisho ya kazi waliishi kwenye theluthi hiyo. Mkopo wa benki ukikaribia kuisha wanauongeza, fedha inanunua sofa au inalipa mkopo mwingine. Theluthi isipotosha wanaenda kwa kausha damu. Yule anachukua kadi yako ya ATM na namba ya siri, tarehe ya mshahara anatoa chake kwanza ndipo anakurudishia kadi. Nilifanya kazi na muuguzi mmoja hodari, mkono wake kwenye mshipa wa mtoto mchanga hakukosea, ambaye siku ya kuagwa kazini hakuweza kufurahi. Mkupuo wake ulikuwa umeshagawanywa kwa watu watatu kabla haujaingia. Sasa anauza vitumbua karibu na soko la Chifu Kingalu, na hanung'uniki. Miaka mitano ya mwisho usikope ila kwa kitu kinachoingiza fedha. Mimi mkopo wangu wa mwisho niliumaliza mwaka 2021, na mshahara mzima ulipoingia kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja nilidhani benki wamekosea.

Walioajiriwa kampuni binafsi wana hatari nyingine. Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi miaka zaidi ya kumi na sita kwa mwajiri mmoja hapa Morogoro. Kila mwezi slipu yake ilionyesha makato ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi. Alipofika 60 akakuta michango iliyoingia ni ya miezi 171. Pensheni ya kila mwezi inataka 180. Makato yalifanyika, ila hayakuwasilishwa yote, na mwajiri mwenyewe alikuwa ameshafunga biashara. Alilipwa mkupuo maalumu, hana pensheni. Miezi tisa! Siku hizi taarifa ya michango unaiona kwenye simu, na kuiangalia kila baada ya miezi mitatu ni kazi ya dakika moja. Ukiona pengo, dai ungali kazini na mwajiri angali na ofisi. Anayejiajiri naye asiseme hayamhusu. Fundi, mama lishe na dereva wa bajaji wanaruhusiwa kuchangia NSSF kwa hiari.

Matibabu sitayasemea sana. Mtumishi wa umma aliyechangia NHIF, bima ya afya ya taifa, anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake baada ya kustaafu. Watoto hawamo, kwa hiyo kama umezaa ukubwani, ada ya bima ya huyo mtoto iingize kwenye ile namba ya shimo lako.

Kisha kuna simu. Wiki mbili kabla ya mafao kuingia nilipigiwa na kijana mwenye sauti ya ofisi, anajua jina langu kamili na hata cheki namba yangu, akisema faili limekwama na elfu themanini itaokoa jahazi. Nilimwambia nakuja ofisini sasa hivi, tuonane dirishani. Simu ikakatika. Baada yake zikaja simu za ndugu, ambazo hazikatiki. Mwanangu wa pili alitaka nimnunulie Noah ya abiria. Nilimwonyesha daftari, ukurasa wa mapato na ukurasa wa matumizi, nikamwuliza Noah ikiharibika gia mwezi wa tatu nikate mstari upi. Hakujibu. Alinuna mpaka Krismasi, akaja na kuku.

Ule mkupuo nilifanya nini nao? Milioni 45 niliziweka kwenye vipande wiki ileile, kabla sijazizoea. Sita zikaongeza mtaji wa duka. Tano ziko benki kwa dharura. Zilizobaki ndizo zilizoezeka vile vyumba viwili na kuchimba choo.

Fundi wangu wa tangu 2014 bado hupita kunisalimia. Wiki jana alisimama chini ya ule mpapai akiangalia juu, akasema, "Mama, mbao za chumba cha tatu zimepanda bei, tuziwahi." Nikamkatia papai, nikamwambia arudi riba ya nusu mwaka ikiingia.