Maswali ya Wasomaji: RAM ya Boksini na Akili Mnemba Bila Bando

SWALI: Nimenunua simu ya Android Kariakoo, boksi limeandikwa RAM 16GB. Nikapakua programu ya PocketPal ili niongee na akili mnemba bila bando. Nilipofungua Llama 3.1, modeli ya akili mnemba ya Meta yenye vigezo (namba inazojifunza modeli) bilioni 8, simu iliganda, kisha programu ikajifunga yenyewe. Je, nimeuziwa simu feki? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Huenda simu ni halali kabisa, tatizo ni hiyo 16. Fungua mipangilio, ingia "About phone", utazame mstari wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi. Ukikuta 8GB + 8GB, RAM yako ni 8 tu. Nane ya pili imemegwa kwenye hifadhi, pale pale zinapokaa picha na video zako. Kampuni huiita MemFusion, RAM Plus na majina mengine, lakini kazi ni ile ile. Kuandika 16 kwa tarakimu kubwa na 8+8 kwa herufi za kutafuta kwa tochi ni kumwonea mnunuzi.

Kwa WhatsApp na kivinjari, RAM hiyo ya mkopo husaidia kidogo. Kwa modeli ya lugha haifui dafu. Kila inapotoa kipande kimoja cha neno, modeli ya aina hii hulazimika kupitia faili lake lote upya. Llama uliyoitaja, ikiwa umechukua faili la Q4_K_M (toleo lililobanwa ili lipungue ukubwa), ina takriban 4.9GB. RAM halisi ya simu ya daraja la kati husoma zaidi ya 10GB kwa sekunde, ilhali hifadhi ya aina ya UFS 2.2 husoma karibu 1GB. Piga hesabu: modeli ikisomwa kutoka hifadhini, kipande kimoja cha neno kinakula sekunde 5 hivi, na jibu la maneno 100 utalisubiri zaidi ya dakika 10.

Wala Android haikuachi ufike huko. Yenyewe pamoja na programu zake hushika kama 3GB hadi 4GB za RAM. Faili la 4.9GB likiingia, nafasi inakwisha, na programu iliyolibeba inafungwa kwa nguvu. Ndicho ulichokiona.

RAM ya mkopo kwenye simu ya 3GB au 4GB iache ilivyo. Kwenye simu yako izime, kisha uiwashe simu upya. Utarudishiwa nafasi yako ya hifadhi.

SWALI: Nafundisha shule ambayo mtandao wake ni wa kubahatisha. Simu yangu ina RAM 8GB halisi. Modeli ipi inaelewa Kiswahili, na naiwekaje? – Mwalimu, Kitui

JIBU: Mwalimu, chukua Gemma 3 ya Google, iliyotoka Machi 2025, ile ya vigezo bilioni 4. Usivutiwe na wepesi wa ile ya bilioni 1, kwani ilitengenezwa kwa Kiingereza pekee. Hii ya bilioni 4 ilifundishwa kwa lugha zaidi ya 140. Llama 3.2 nayo ina lugha 8 rasmi, na Kiswahili hakimo.

Tafuta Wi-Fi, maana faili ni karibu 2.5GB. Ndani ya PocketPal fungua "Models", bonyeza alama ya kujumlisha, chagua "Add from Hugging Face" (tovuti ya kupakua modeli), uandike gemma-3-4b-it. Hizo herufi "it" zisikuponyoke: zinaonyesha modeli iliyofunzwa kufuata maagizo. Ukichukua yenye "pt", utauliza swali nayo itaendeleza sentensi yako badala ya kukujibu. Katika orodha ya mafaili chagua lenye Q4_K_M. Hapo kila bilioni ya vigezo hubanwa hadi kama 0.6GB. Likishashuka, bonyeza "Load", weka simu kwenye hali ya ndege, uulize jambo. Ikijibu, umemaliza.

Ikijifunga katikati ya jibu, funga programu nyingine zote, kisha ingia mipangilio ya PocketPal uhakikishe "Context Size" (kiasi cha maandishi ambacho modeli hukumbuka kwa mara moja) haizidi 2048. Ikianza vizuri halafu ikazidi kuzorota, gusa mgongo wa simu: ikiwa ya moto, prosesa imejipunguzia kasi. Toa kava, na usiitumie ikiwa kwenye chaji.

Jambo tunalokusihi ulishike: modeli ndogo kama hii huchanganya ngeli, na hubuni majina na miaka bila kusita. Usiiulize historia, wala dozi ya dawa. Ipe maandishi yako. Bandika aya ya maneno 150 kutoka kwenye somo lako, uiambie: "Tunga maswali 5 ya ufahamu kutokana na aya hii tu." Hapo inakusaidia kweli, nawe unasahihisha sarufi kwa dakika mbili.

SWALI: Nimeona iPhone 15 iliyotumika kwa bei nzuri. Itapata Apple Intelligence? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Haitapata, hata uisasishe vipi. Apple Intelligence, yaani akili mnemba ya Apple, inahitaji iPhone 15 Pro, 15 Pro Max au matoleo ya baadaye, yenye RAM 8GB. iPhone 15 ya kawaida ina 6GB. Kwa kamera na programu za kila siku bado ni simu nzuri, ila usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya akili mnemba.

Kabla ya kulipa, ingia Settings, General, About, usome "Model Name", kisha Settings, Battery, Battery Health, usome idadi ya mizunguko ya betri (mara ilizochajiwa na kutumika). Kisha mwambie mwenyewe aifute simu mbele yako. Ikiwaka na kudai nenosiri la akaunti ya mtu mwingine, mrudishie.