Mji wa ghorofa mia tatu uanze na jerikeni ya maji

Hii ni ya wale wanaoanza kuandika hadithi za sayansi ya kubuni, hasa wadogo zangu wa hapa Kampala mnaonitumia kazi zenu nizipitie. Karibu kila mmoja ana mji wa baadaye wenye ghorofa mia tatu, taa za rangi rangi kila kona, mvua haikatiki na watu wamebanana kama mukene, wale dagaa, kwenye gunia. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini nikifika ukurasa wa kumi naanza kuuliza vitu ambavyo mwandishi hajajiuliza, huyu mama wa ghorofa ya 212 maji anayatoa wapi, choo chake kinashuka kwenda wapi, na lifti ikifa leo asubuhi mtoto wake anaenda shule vipi?

Mimi hili nimelijua kwa mabega. Nikiwa mwanafunzi nilikaa hosteli fulani upande wa Wandegeya, ghorofa ya tano, lifti hakuna, na maji yakikatika tunabeba kutoka chini. Lita 20 ni kilo 20, hapo hakuna mjadala. Muhula wa pili akatokea kijana mmoja akawa anabebea watu kwa pesa na bei inapanda kila ghorofa, basi wale wa chini wanaoga mara mbili kwa siku na sisi wa juu tunaoga kwa kikombe, na tukaanza kuwachukia kweli kweli, watu tuliokuwa tunakula nao rolex, chapati ya mayai, jioni. Jengo la ghorofa tano tu hilo. Sasa wewe una mia tatu na hadithi yako haina hata mtu mmoja aliyeshika jerikeni?

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi, chora jengo lako kama umelikata katikati kwa kisu kama mkate, uone ndani. Weka matenki. Maji hayapandi yenyewe, kila mita 10 za kwenda juu zinataka presha ya kama angahewa moja zaidi, ndiyo maana majengo marefu yanawekewa matenki na pampu katikati, yanapandisha kwa vituo. Sisi hapa tunaishi na mfano kila siku, maji yanachotwa ziwani Ggaba yanasukumwa mpaka Muyenga, na kilima chenyewe watu wanakiita Tank Hill, halafu kutoka kule ndio yanateremka kwenda majumbani. Aliye na funguo za tenki ana mji. Mhusika wako mbaya hahitaji jeshi, mpe vali tatu tu.

Halafu hii ya matajiri juu maskini chini, tafadhali msiiweke tu kwa mazoea. Kwa Kampala inaeleweka, wenye hela wako Kololo na Nakasero juu kule, na mvua ikinyesha maji yote yanawafuata watu wa Bwaise bondeni. Lakini kule Ulaya zamani kabla ya lifti, ghorofa za juu ndio zilikuwa za maskini, nani atalipa hela nyingi ili apande ngazi mpaka magoti yaume? Mwaka 1854 fundi mmoja, Elisha Otis, akasimama New York juu ya jukwaa la lifti, kamba ikakatwa mbele ya watu, breki yake ikashika, hakuanguka. Baada ya lifti kuaminika ndio polepole juu kukawa ghali. Kwa hiyo nani anakaa wapi inategemea lifti ni ya nani na inafanya kazi siku ngapi kwa wiki. Angalieni hata akedi zetu za mjini, yale majengo ya maduka, duka la chini barabarani ndio lenye kodi ya kuua mtu, ukipanda unakuta mafundi cherehani, ukipanda zaidi unakuta stoo.

Sasa hapa kwenye lifti ndipo penye utamu, na naona wengi mnapita mbio. Kamba ya chuma ikifika urefu wa kama mita 500 uzito wake yenyewe unakuwa mzigo mkubwa mno, kwa hiyo kwa majengo marefu sana watu wanapanda lifti moja, wanashuka ghorofa fulani, wanaingia nyingine. Mwandishi wa nchi nyingine ataona pale ni chumba cha kubadilisha lifti, basi. Sisi tunajua watu wakishabadilisha gari mahali nini kinatokea, si tumekulia Old Taxi Park, kituo cha matatu cha Kampala, bana! Panatokea muuza chapati, panatokea mtu wa kuchaji simu, wa kuita abiria, mhubiri mwenye spika, mwizi wa mifuko, mama anayeuza maji kwa kaveera, mfuko wa plastiki, na askari wa kuwafukuza wote hao kila mwezi na wanarudi. Hiyo ghorofa ya kubadilishia ndiyo Kikuubo ya mji wako, kama ule uchochoro wetu wa soko, pale ndipo habari zinapita, mtu anapotea, watu wa juu na wa chini wanagusana mabega. Kama una sura moja tu ya kuonyesha mji wako, iweke pale.

Na msiseme haiwezekani watu kuishi juu bila lifti. Caracas, Venezuela, kuna jengo lilikuwa halijamalizika la ghorofa 45, Torre David, watu wakaingia kuanzia 2007 wakakaa mpaka ghorofa ya 28, lifti hakuna kabisa, pikipiki zikawa zinapandisha watu kwa njia ya maegesho mpaka ghorofa ya 10 na kutoka hapo ni miguu. Boda boda ndani ya jengo! Walikuwa na maduka yao humo na utaratibu wao, mpaka walipohamishwa kuanzia 2014. Nilipojua hiyo nilifuta sura mbili nzima za mswada wangu, maana nilikuwa nimewaandika watu wa juu kama wafungwa wanaosubiri kuokolewa.

Kowloon Walled City, ule mtaa wa zamani wa Hong Kong uliobanana, nao mnaupenda kwa picha, usomeni na kwa hesabu. Eneo la kama hekta 2.6, na mwaka 1987 serikali ilihesabu watu karibu 33,000, ukitanua msongamano ule ujaze kilomita moja ya mraba unapata zaidi ya watu milioni moja na laki mbili. Na majengo hayakupita sana ghorofa 14, kwa sababu ndege za uwanja wa Kai Tak zilikuwa zinapita karibu na mapaa. Ghorofa 14 tu! Vichochoro vya chini giza mchana kutwa, maji ya visima yanapampiwa kwenye matenki ya paani, na watoto wanacheza huko huko juu ya paa kwa sababu ndiko kuna hewa. Mji wako nao utafutie kitu kinachouzuia usipande zaidi, kitu cha nje, uone unavyovimba pembeni.

Joto pia. Mtu aliyekaa tu anatoa kama wati 100, weka watu milioni moja na laki nane umepata megawati 180, sawa na uwezo wa bwawa la Nalubaale pale Jinja, na hapo hakuna aliyewasha jiko. Joto linapanda na harufu ya vitunguu vya ghorofa zote.

Kitu kingine nakuombeni, nendeni jengo lolote la ghorofa kumi mpande ngazi na mzigo wa kilo 20, muandike dakika, muandike mlipumzika wapi na nani aliwapita.

Swali ambalo mimi mwenyewe nimelikalia mwaka mzima ni la maiti. Sisi mtu akifa Kampala tunampeleka kijijini kwao, basi linajaa, watu wanaimba njia nzima. Mtu aliyezaliwa ghorofa ya 190, na baba yake kazaliwa hapo hapo, kwao ni wapi? Kwenye mswada nilio nao sasa nimeweka lifti moja ya zamani, inashuka tu, haipandishi mtu, na siku inapotembea mafundi cherehani wa kila ghorofa wanazima mashine zao mpaka ipite.